Jino la Gari la Afande

Juzi nilikuwa namsaidia Mama kufungasha vitu, kwa kuwa anahamia nyumba nyingine, nikavuta sanduku lililokuwa uvunguni nikaikuta. Kandambili moja ya bluu, ya mguu wa kulia, imelika pembeni, na kisiginoni ina tundu la mviringo linaloweza kupita kidole. Ya kushoto haipo. Mama akasema bila kugeuka, "Tupa hiyo, ni takataka." Mimi nilikuwa nimeshaiinua mpaka puani. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nanusa kandambili! Nilidhani bado itanukia mpira ulioungua. Haikunukia kitu ila vumbi, lakini nilicheka mpaka Mama akaja kuangalia nimepatwa na nini, na alipoiona naye akakaa kitandani, akacheka mpaka akafuta machozi.

Ninyi wa rika langu mliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale hamhitaji kuelezwa habari ya foleni ya kuchaji simu. Kwetu foleni ile iliishia barazani. Mama alikuwa na meza, sola juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na simu za watu zimelala safu safu, kila moja na namba yake iliyobandikwa kwa plasta. Redio zilizokufa alizifufua. Hata hivyo, hiyo haikuwa kazi yake hasa. Mama alisomea umeme wa magari kule Bujumbura, darasa zima wasichana wakiwa wawili, na tulipokimbia alinibeba mimi mgongoni na mita yake ya kupimia umeme kiunoni. Bibi, ambaye ni mama yake mzazi, hakuwahi kumsamehe kwa ajili ya mita ile. "Masufuria yote ulibakisha kule," alikuwa anasema, "ukaleta hii kidude haipiki hata maharagi."

Mara kwa mara Mama alikwenda mjini Mbarara kutafuta kazi ya fani yake. Aliondoka alfajiri nikiwa nimelala, makusudi, ili nisimlilie. Mimi niliamka nikakuta mkeka wake umekunjwa na kuegemezwa ukutani, na hapo nilijua hayupo, wala sikujua ni kwa siku mbili au kwa wiki. Niliuchukia mkeka ule uliokunjwa kuliko kitu chochote duniani. Kulikuwa na gereji moja upande wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, ya mtu aitwaye Bwana Tumwine. Fundi wake wa umeme alikuwa amehama, meza yake imebaki tupu. Mama alikwenda pale mara mbili, na mara mbili Bwana Tumwine alimwangalia kutoka kichwani hadi kwenye kandambili, akamwambia hana nafasi. Mama alirudi akaniambia, "Siku nikipata hiyo meza, nitakuya kukuchukua. Tutapanga chumba, tutakaa pamoja, utasoma kule." Bibi alikuwa ameshatangaza kwamba yeye hatoki, ana shamba lake la mihogo na jumuiya yake ya kanisa. Kwa hiyo maisha yangu yote yalikuwa yanasubiri meza ya Bwana Tumwine.

Sasa nimlete Afande Opio. Huyu alikuwa sajini katika jeshi pale Mbarara, mtu mrefu wa Lira, mwenye goti la kulia lililowahi kuumia na mke anayeuza maharage. Kila Jumamosi alikuja Nakivale kununua maharage ya mkewe, na huku magunia yakijazwa, yeye alikaa kwenye meza ya Mama kuchaji simu na kupiga soga. Gari lake lilikuwa la rangi ya fedha, lililotumika Japani kabla ya kufika kwake, na alilisifu mbele ya kila aliyesimama karibu. Kwenye usukani palikuwa na kijiti kidogo. Ukiwa kwenye lami ndefu, unakibonyeza, na gari linashika mwendo ule ule lenyewe bila wewe kukanyaga mafuta. Afande alikiita kruzi, nasi tukakiita hivyo hivyo.

"Mimi naenda Lira kuona mama yangu," alinieleza, "goti inalala, gari inafanya kazi. Hii gari iko na akili kushinda koplo wangu."

Nilimwelewa kwa kadiri mtoto wa miaka saba anavyoweza kuelewa. Malori ya chakula na pikipiki za pale kambini vilikuwa vyuma tu, lakini gari la Afande lilikuwa hai. Lilikuwa na akili, na kitu chenye akili lazima kiwe na macho, mdomo na meno. Macho niliyaona. Mdomo niliuona mbele. Meno nilikuwa bado nayatafuta.

Wiki hiyo hiyo jino langu la mbele lilitoka. Bibi alilifunga uzi, akaniambia nitazame kuku, nilipogeuka kutazama kuku likawa mkononi mwake. Halafu akanipa masharti. Unaipa nyumba mgongo, unalirusha jino juu ya bati, unasema, "Chukua hili bovu, unipe jipya." Na baada ya hapo unafunga mdomo. Ukianza kuhadithia watu habari za jino lililo juu ya bati, jipya litaota limepinda. Bibi alinionyesha kwa kidole jinsi litakavyopinda, kidole kimelala upande, na nikaapa moyoni kwamba sitasema hata nikichapwa.

Jumamosi iliyofuata Afande alinikalisha kwenye kiti cha dereva kama kawaida yake, akaenda kugombana na wapima maharage. Miguu yangu haikufika popote. Nilishika usukani, nikaendesha mpaka Japani na kurudi, na nilipoinama kutafuta pedeli nikakiona. Juu ya zulia la mpira, chini kabisa, kulikuwa na kitu cheupe. Kidogo, cha mviringo, upande mmoja kinateleza vizuri, upande wa pili kimekwaruka kama kilichong'oka kwenye shina lake. Nilikiweka kiganjani. Nikapitisha ulimi kwenye pengo langu. Jamani, nilipata furaha ambayo sijui niifananishe na nini! Gari nalo lilikuwa linang'oka meno, wiki moja na mimi.

Unadhani nilifanya nini? Nilishuka, nikazunguka nyuma ya nyumba ambako hakuna mtu, nikaipa nyumba mgongo. Gari lenyewe halikuweza kusema, kwa hiyo nikalisemea: "Chukua hili bovu, ulipe jipya." Nikarusha. Langu lilipotua lilikuwa limegonga bati, ti! La gari halikutoa sauti yoyote. Nilingoja kidogo nisikie, nikajiambia labda meno ya Japani ndivyo yalivyo.

Jumamosi mbili baadaye Afande alishuka kwenye gari anachechemea, amenuna. Kruzi ilikuwa imekataa. Alikuwa amekwenda Lira na kurudi, mguu ule ule mbovu ukikanyaga mafuta njia nzima. Alipobonyeza kijiti, kitaa cha kijani kiliwaka mbele yake kisha kikazima, na gari likapoteza mwendo. Akalipeleka kwa Bwana Tumwine, na mafundi wake wawili wakakaa nalo siku nne.

"Wanasema kompyuta imekufa," Afande alimwambia Mama. "Wanasema nilete ingine kutoka Kampala. Mimi hapana kubali. Gari inawaka, gari inaenda, gari inasimama. Kompyuta imekufa namna gani? Mtu amekufa anatembea?"

Mama aliuliza, "Taa za feri zinawaka?" Feri ndilo neno letu Warundi kwa breki.

"Zinawaka mzuri. Nikikanyaga zinawaka, nikiacha zinazima."

"Basi nataka kuiona, Afande. Nipeleke pale."

"Hiyo ndiyo imenileta. Nimemwambia Tumwine, mimi niko na mama moja Nakivale anajua umeme ya gari. Amecheka. Nimemwambia, cheka, lakini akiona shida iko wapi utampa ile meza? Amesema Jumamosi ijayo mulete, akipata, meza ni yake. Akikosa, asirudi kunisumbua tena."

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, akaifuta tena. Mimi nilikuwa chini ya meza, nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Kwa sababu nilijua gari linaumwa nini, na nilijua ni nani aliyeliumiza. Nililirushia jino lake bila ruhusa yake. Jino hurushwa na mwenyewe! Mtu mwingine akikurushia, nani anajua kitakachotokea? Gari lilikuwa limekasirika, limegoma, na sasa meza ya Mama ilikuwa inategemea gari nililolikosea mimi.

Siku yenyewe ilipofika, shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Mama alinichukua. Bibi alitunyunyizia maji ya baraka mpaka Afande naye akapata yake usoni. Nilikaa nyuma na Mama, mita ikiwa mapajani mwake. Barabara ya Nakivale mnaijua, mashimo na vumbi, na kwenye kila shimo mimi niliomba radhi kimyakimya kwa gari. Tulikuwa bado hatujafika kwenye lami pikipiki moja ikatupita kwa hasira, ikatusimamia mbele. Alikuwa muuza maziwa wa Endiinzi, makopo mawili makubwa yamefungwa nyuma yake.

"Wewe ssebo, wewe bwana!" alimpigia Afande kelele. "Unafunga breki kila saa ya nini? Taa inapepesa, inapepesa! Maziwa yangu karibu imwagike!"

"Mimi? Mguu yangu iko hapa chini! Hapana gusa breki hata kidogo!"

Muuza maziwa aliondoka akitikisa kichwa. Mama alikuwa amekaa wima. "Afande," alisema polepole, "mguu haukugusa feri kabisa?"

"Naapa kwa mama yangu."

Nikaona vidole vya Mama vinacheza juu ya mita, na pembe ya mdomo wake imeanza kupanda. Nilimjua Mama yangu. Alikuwa ameanza kufurahi.

Gereji ya Bwana Tumwine ilinukia dizeli na ndizi za kuchemsha, kwa kuwa mpishi mmoja alikuwa na jiko lake pale langoni. Meza niliiona mara moja. Ilikuwa ya mbao nene, imefungwa jiliwa la kubania vyuma, na juu yake hakuna kitu ila kopo la misumari. Bwana Tumwine mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye kofia, si mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. "Karibu nyabo," alisema, yaani karibu mama. "Leo Jumamosi, saa saba nafunga. Sisi tumebadilisha fyuzi, tumebadilisha balbu, tumebadilisha hata swichi ya breki, mpya, iko na boksi yake. Imebaki kompyuta. Wewe utafanya nini?"

"Nitaanza na feri," Mama alisema.

Mafundi wawili walitazamana. Kruzi imeharibika, mtu anaanza na breki! Mama aliwaeleza kwa upole, huku akivua kitenge na kubaki na suruali yake ya kazi. Kruzi, alisema, inauliza swali moja kila wakati: mguu wa dereva uko kwenye feri au haupo? Ikisikia upo, inajizima, kwa sababu anayekanyaga feri anataka kusimama. Anayeijibu ni ile swichi ndogo iliyo juu ya pedeli. Mguu usipokanyaga, pedeli inaisukuma swichi ndani. Mguu ukikanyaga, swichi inatoka nje, taa za nyuma zinawaka, na kruzi inazima. "Sasa yule mutu wa maziwa ameona taa zinapepesa, na mguu wa Afande haupo. Swichi inasema uongo. Lakini inasema uongo njiani tu, hapa imenyamaza."

Akalala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya usukani, miguu nje, kandambili za bluu zikitazama mbinguni. Alifunga balbu yake ndogo kwenye waya wa ile swichi unaokwenda kwenye kruzi. Balbu ikawaka, yaani mguu haupo, ikatulia. Wale mafundi wakatabasamu.

"Sasa muruke," Mama alisema kutoka chini.

"Turuke?"

"Mupande fasi ya nyuma, muruke! Hapa hakuna mashimo, muwe mashimo."

Walipanda nyuma ya gari, wanaume wazima, wakaanza kuruka. Gari likayumba, likapiga kelele, na balbu ya Mama ikapepesa. Ikapepesa tena! Afande alipiga ukelele wa shangwe, mpishi wa ndizi akaacha jiko akaja kuona, na hata Bwana Tumwine alivua kofia. Hakuna mguu uliogusa breki, na swichi ilikuwa inasema upo.

"Lakini swichi ni mpya, nyabo," alisema Bwana Tumwine. "Tumeiweka pale pale."

Hapo ndipo furaha ilipoingia mchanga. Mama alirudi chini na tochi ya simu. Alipima, akagusa, akapima. Swichi ilikuwa nzima. Waya zilikuwa nzima. Pale kwenye mkono wa pedeli, ambapo swichi inagusana nao, palikuwa na kitundu kilichozibwa kwa plastiki nyeupe, nayo ilikuwa imekaa imara. Hakuwahi kuona gari la namna ile, hakujua kinachotakiwa kuonekana pale. Dakika zikaenda. Mafundi walikwenda kunawa mikono. Bwana Tumwine alitazama simu yake, akatazama lango, akasema kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli, "Umejaribu, nyabo. Umefika mbali kushinda sisi. Lakini shida bado iko ndani."

Miguu ya Mama haikutikisika. Ila nilimwona anakunja vidole ndani ya kandambili, kama alivyofanya siku tuliyovuka mpaka.

Nilisimama pale na ulimi wangu kwenye pengo. Kama ningesema, jino langu lingeota limepinda, nami ningecheka nikiwa nimeziba mdomo maisha yangu yote. Kama nisingesema, mkeka ungekunjwa tena. Sikufikiri kwa muda mrefu. Nilikwenda nikainama kwenye mlango wa gari, nikasema kwa kilio, "Mama, ni mimi. Gari ilitoka jino, nikaitupa juu ya nyumba."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akajigonga kwenye mlango. "Banange! Gari na meno!" Afande naye alianza kucheka. Bwana Tumwine alisema mtoto amechoka, apewe ndizi.

Mama hakucheka. Alitoka chini ya usukani, nywele zimejaa vumbi, akanishika mabega yote mawili. "Jino gani, Divine? Ulilitoa fasi gani?"

"Hapo chini. Kwenye zulia. Chini ya pedeli."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Lilikuwa hivi?" Alichora mviringo kiganjani mwangu kwa kucha.

"Eee. Upande huu linateleza. Upande huu limekatika, kama langu." Nikafungua mdomo nimwonyeshe.

Mama alitazama ndani ya kinywa changu. Naapa alitazama, kama vile jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ufizi. Halafu macho yake yakafunguka, akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga kabla wala baada: "Kichwa! Kimekatika kichwa, kimebaki shina!"

Akarudi chini kwa kasi mpaka nikasikia kichwa chake kinagonga chuma. Alikuwa anazungumza haraka, Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja, na Afande akamtafsiria Bwana Tumwine yale aliyoyashika. Ile plastiki nyeupe iliyoziba kitundu haikuwa kitu kizima. Awali kilikuwa kifungo chenye kichwa nje na shina ndani, na kichwa ndicho kilichokuwa kinaisukuma swichi. Kichwa kilipokatika, shina lilibaki limeziba kitundu vizuri, likamdanganya kila aliyetazama. Swichi ikawa inasukumwa nusu tu. Gari likisimama, nusu inatosha. Likipita shimoni, swichi inachomoka kidogo, taa zinapepesa, na kruzi inaambiwa mguu upo. Ungeweza kufunga swichi mpya kumi na kompyuta tatu, na kruzi isingepona.

"Tutapata wapi hiyo kifungo leo?" Bwana Tumwine aliuliza, na nikasikia kwamba safari hii amesema tutapata.

Mama alitazama huku na huku. Akatazama chini. Akavua kandambili ya kulia.

Alichukua kipande cha bomba jembamba, akakiweka kwenye makaa ya yule mpishi mpaka ncha ikawa nyekundu, kisha akakikandamiza kwenye kisigino cha kandambili yake. Moshi ule! Mpira mtamu, mchungu, wa kukohoza, ukachanganyika na ndizi za watu. Bomba likatoka na kidonge cha bluu ndani yake. Akakichonga kwa wembe, shingo nyembamba iingie kitunduni, kichwa kinene kibaki nje, akipima mara kwa mara kwa kucha yake ya kidole gumba. Sote tulikuwa tumemzunguka. Hakuna aliyekumbuka saa saba.

Alipokifunga, alisema, "Murukeni tena." Waliruka mafundi, akaruka Afande na goti lake, akaruka mpishi, nikaruka mimi. Balbu iliwaka ikatulia kabisa. Tuliruka hata baada ya Mama kusema basi.

Tukaingia garini wanne, tukavuka Rwizi, tukapita Ruharo, tukaishika barabara ya Bushenyi kwenye lami iliyonyooka. Afande alibonyeza kijiti. Kitaa cha kijani kikawaka. Nilihesabu mpaka ishirini, ambapo hesabu yangu iliishia, nikaanza tena. Hakikuzima. Afande aliutoa mguu kwenye mafuta, akaukunja pembeni, akalipigapiga goti kama mtoto aliyelala. "Mama Divine!" alisema. "Mama Divine! Mguu huyu hapa! Hana kazi!"

"Sasa gusa feri," Mama alisema.

"Ya nini? Inaenda mzuri!"

"Gusa."

Akagusa. Kitaa kikazima, gari likapunguza mwendo, na hapo ndipo Mama alipopiga makofi, peke yake, kama mtu aliyeona bao. Bwana Tumwine aligeuka kutoka kiti cha mbele, akataka kujua kwa nini anashangilia kuzima. "Kama haikatai, itatuua," Mama alimwambia. "Lazima nione inakataa. Hiyo ya kushika mwendo ni starehe." Na akamwonya Afande kwamba kandambili ni kandambili, aagize kifungo chenyewe cha dukani, na kikifika ataleta gari kibadilishwe hata kama lile la bluu bado linafanya kazi. Afande aliagiza, akaleta, kikabadilishwa kweli.

Tukavuka tena daraja. Bwana Tumwine akasema, akitazama mbele, "Jumatatu saa mbili. Na ukuje na viatu." Baada ya kidogo akaongeza, "Huyu daktari wa meno pia umulete, tutakosa nini?" Mama aliniminya mkono mpaka ukauma.

Kesho yake Jumapili, baada ya misa, Afande alitubeba na vitu vyetu vichache kutoka kwa Bibi mpaka kwenye chumba Nyamitanga, nyumba kadhaa kutoka gereji. Bibi alipopata habari kwamba nimesema habari za jino mbele ya gereji nzima, alishika kiuno, akatikisa kichwa. Na hakukosea, mkinikuta mtaani niombeni nicheke. Jino langu la mbele limelala upande mpaka leo, na sijawahi kuliziba.

Jumatatu niliamka kwenye chumba kipya, jua limeshaingia mlangoni. Nikageuka. Mkeka wa Mama ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa ukutani.

Sikulia. Jirani aliyeachiwa kuniangalia alikuwa uani anafua, anaimba, hakuniona. Nilifika mlangoni nikasimama, na njia ilikuwa na vumbi laini la asubuhi, nyayo chache tu zimepita. Mama hakuwa na viatu, alikuwa amevaa zile zile. Hatua ya kushoto ilikuwa kandambili ya kawaida kama ya mtu yeyote. Hatua ya kulia ilikuwa na kidoti cha vumbi kisiginoni, kimesimama chenyewe, cha mviringo. Nikaweka mguu wangu kando yake. Mbele kidogo kulikuwa na kingine. Na kingine. Nilianza kutembea, kisha nikakimbia, nikifuata kidoti baada ya kidoti, nikapita bomba la maji, nikakata kona, mpaka langoni kwenye harufu ya dizeli na ndizi.

Mama alikuwa kwenye meza yake. Mita ilikuwa pale kando ya kopo la misumari. Alipokiinua kichwa akaniona nimesimama na gauni la kulalia, karibu aangushe waya aliokuwa ameushika.

"Divine! Nani amekuleta?"

Nikanyoosha kidole kwenye kisigino chake.